Rauta mbili nyumba moja: kisa cha waifai iliyokuwa inaugua kila umeme ukirudi

Kwanza kabisa

Kazi hii niliifanya mwenyewe hapa Bagamoyo. Wenye nyumba wamekubali niiandike ila majina sitaji, mtaa sitaji, na vitu viwili vitatu nimevigeuza makusudi ili hata jirani yao akisoma asijue ni wao. Namba za rauta nimeziacha kama zilivyokuwa maana kisa chenyewe kiko humo kwenye namba.

Nyumba na watu wake

Ni nyumba ya ghorofa, ya zamani, upande wa Mji Mkongwe, zile kuta za matumbawe na chokaa ambazo ukipima unakuta zinakaribia nusu mita. Mchana wa jua kali ukiingia mle unasahau kama kuna joto nje, ila kwa waifai ukuta ule ni msiba, yani simu inashika vizuri ukiwa mlangoni ukiingia ndani hatua mbili mistari yote imeanguka.

Juu anaishi mama mwenye nyumba na wanawe, mkubwa ni kijana aliyemaliza kidato cha nne. Chini mbele kuna steshenari ya mama, kompyuta moja na printa ya waifai, watu wanatuma faili kwa simu anawatolea. Chini nyuma yupo bibi, mama yake mzazi, ana tv yake, na vyumba viwili vya wapangaji wanafunzi. Ukihesabu vitu vinavyotaka intaneti ni simu saba, laptopu mbili, kompyuta ya dukani, printa na tv ya bibi, jumla 12.

Intaneti inatoka kwenye rauta ya laini, 4G, bando la mwezi. Imekaa juu dirishani maana huko ndiko mnara unakoshika. Walishajaribu kuishusha katikati ya nyumba ili kila mtu apate, spidi ikafa kabisa hata picha haifunguki, wakairudisha dirishani. Kwa hiyo waliokaa chini wakawa hawana kitu, na hapo ndo likaja wazo la rauta ya pili.

Mambo yalivyokwenda

Mama akanunua rauta iliyotumika, Kariakoo, elfu 35. Akaja fundi, akavuta waya kutoka juu, kama mita 18 hivi, ukapita dirishani ukashuka kwa kufuata boriti mpaka kwenye kordo ya chini. Kazi safi kwa kweli, waya wa neti unaruhusiwa kwenda mpaka mita 100 kwa hiyo umbali haukuwa shida hata kidogo. Upande wa rauta ya chini akauchomeka kwenye lile tundu la peke yake lililoandikwa WAN, yani la kuingizia intaneti kutoka nje. Waifai ikawaka chini, bibi akaangalia mawaidha yake kwenye tv, kila mtu akafurahi.

Siku ya tatu likaja lalamiko la kwanza. Printa iko chini imekonekti waifai ya chini, mama akiwa juu na laptopu akibonyeza print haioni printa kabisa, akishuka chini inaonekana. Hii haikuwa ubovu. Ukichomeka WAN, rauta ya pili inaanzisha mtandao wake yenyewe ndani ya mtandao. Kila rauta ina namba yake, kama anwani ndani ya mtandao, na vifaa vyake vinapata namba za mwanzo ule ule. Rauta ya juu ilikuwa 192.168.1.1 na ya chini 192.168.0.1, kwa hiyo waliokaa juu wakawa ukoo wa 192.168.1 na wa chini ukoo wa 192.168.0. Wa chini wanatoka nje kwenda intaneti bila shida kwa kupitia rauta yao, ila laptopu ya juu ikipiga kelele "jamani kuna printa humu?" sauti inaishia kwenye rauta ya chini, haivuki.

Hapo akaingia yule kijana. Akatafuta tafuta akapata kwamba ili mtandao uwe mmoja, waya uhame kutoka tundu la WAN uingie kwenye moja ya yale matundu manne ya LAN, yani ya kuunganishia vifaa vya ndani. Ni kweli kabisa, hajakosea. Akauhamisha, akazima waifai akawasha akafanya hivo mara kadhaa, printa ikaonekana juu, intaneti ipo. Mama alimsifia wiki nzima.

Kilichobaki hakukijua, na wala hakuna mtu alimwambia, ni kwamba waya ukihamia LAN lazima pia uzime ugawaji wa namba kwenye ile rauta ya pili. Kwenye setingi utaikuta imeandikwa DHCP. Ndo kazi inayoipa kila simu namba yake ya IP inapoingia kwenye mtandao, pamoja na kuiambia "lango la kutokea nje ni hili hapa". Sasa nyumba ikawa na wagawaji wawili. Chukulia daladala moja ina makonda wawili, wote wanakata tiketi, ila mmoja tiketi zake haziendi kokote. Huyo ni rauta ya chini, inasema lango ni yenyewe wakati tundu lake la WAN sasa liko tupu. Abiria atajuaje? Anachukua kwa aliyemfikia kwanza.

Ijumaa moja umeme ukakatika. Uliporudi, simu za chini zote zikaandika imeunganishwa ila haina intaneti. Bibi tv yake kimya. Juu wengine wanapeta wengine hawana kitu. Mtu akizima waifai akawasha mara nyingine inakubali mara nyingine inagoma, na hiyo ndo ilikuja kuwa dawa ya nyumba, zima washa zima washa, mpaka kila mtu amepata, halafu umeme unakatika tena mnaanza upya.

Sasa angalia walivyohangaika. Walipiga simu huduma kwa wateja ya mtandao wao wakaambiwa wazime rauta wawashe. Wakaongeza bando wakidhani limeisha. Wakabadilisha paswedi wakidhani wapangaji wamegawa kwa wenzao, na hapo maneno yakatokea kidogo kati ya mama na wapangaji ambayo sikuyapenda kuyasikia. Mwisho wakanunua ile soketi ya kulinda friji wakachomeka rauta, kwa hoja kwamba umeme ukirudi unakuja na nguvu unaichanganya rauta akili. Usicheke, maana ukiangalia ushahidi waliokuwa nao, kweli ugonjwa ulikuwa unakuja na umeme.

Ndo nikaitwa mimi. Na mimi siku ya kwanza nikakosea.

Nilifika, nikamsalimia bibi, nikaletewa chai, nikatoa simu yangu nikapima. Nikakuta rauta zote mbili ziko chaneli 6, yani zinatumia njia moja ya hewani kurushia mawimbi. Nikasema ahaa, hizi zinagombana hewani. Kwenye 2.4GHz chaneli ambazo haziingiliani ni 1, 6 na 11, nikaweka ya juu 1 ya chini 11. Nikapima spidi kwa simu yangu chini na juu, safi. Nikawaeleza habari za kuta za matumbawe zinavyokula mawimbi, nikaonekana msomi, nikalipwa nikaondoka. Baada ya siku tatu simu inaita, "mwanangu, ile kitu yako imerudi." Umeme ulikuwa umekatika usiku.

Mara ya pili sikutoa simu yangu mfukoni. Nikamwomba mama kila mtu alete simu yake mezani na laptopu zake, vilivyokuwepo nyumbani siku hiyo vikawa tisa, nikachukua karatasi ya dukani nikaandika namba ya IP ya kila kimoja. Kwenye simu nyingi unaingia setingi, waifai, unagusa jina la mtandao uliounganishwa, unashuka chini unaiona. Tano zilianza na 192.168.1. Nne zilianza na 192.168.0. Nikauliza nani hana intaneti sasa hivi, wakanyoosha wanne, ni wale wale wanne.

Na mmoja wa wale wanne ni binti wa mama, simu yake iko juu, imekonekti waifai ya juu, amekaa mita mbili kutoka kwenye rauta ya juu yenye intaneti nzuri kabisa. Hapo hadithi yangu ya kuta ikafa. Simu imekaa na rauta ya juu halafu namba imepewa na ya chini, kupitia ule waya. Haiwezekani kama hakuna wagawaji wawili.

Nikataka kuhakikisha sababu ya umeme nayo, nikamwomba mama nizime meini swichi. Nikawasha nikashika saa. Rauta ya chini ikawa tayari kama nusu dakika tu, ya juu ilichukua karibu dakika mbili maana inawaka halafu inaanza kutafuta mnara. Kwa hiyo dakika nzima na zaidi, mgawaji aliyekuwepo nyumbani ni mmoja tu, yule ambaye hana njia ya kwenda nje. Simu zote za chini zikamkimbilia yeye. Ya juu inapoamka inakuta watu wameshapewa namba, na simu ikishapata namba haiulizi tena kwa wote, muda wa namba ukifika nusu inarudi kwa yule yule aliyempa kuomba aongezewe. Rauta ya chini ilikuwa inatoa namba za masaa mawili, kwa hiyo kila baada ya saa moja simu inarudi kwake na yeye anaongeza, inaweza kukaa hivo siku nzima bila kupona yenyewe.

Tulichoamua na kwa nini

Njia zilikuwa tatu nikawawekea mezani.

Ya kwanza kurudisha waya kwenye WAN kama fundi alivyoweka. Intaneti ingetulia kabisa, ila printa ingerudi kule kule kutoonekana. Mama alisema hapana kabla sijamaliza sentensi, printa ndo inayolipa bando.

Ya pili kuuacha waya kwenye LAN, kuzima ugawaji wa namba kwenye rauta ya chini ibaki inatoa waifai tu, ya juu ndo igawe peke yake. Haina gharama.

Ya tatu kununua zile seti mpya za rauta zinazojiunga zenyewe. Nzuri, ila kwa kuta zile bado ungehitaji waya kati ya juu na chini, na waya tayari wanao. Sikuona sababu ya kuwatia hasara.

Tukachukua ya pili. Utaratibu wake nauandika kwa urefu kwa sababu ukikosea mpangilio unajifungia nje. Kwanza nilichomoa ule waya unaotoka juu ili nibaki na rauta ya chini peke yake. Nikaunganisha laptopu yangu kwenye tundu lake la LAN kwa waya mfupi, nikafungua brauza nikaandika 192.168.0.1, nikaingia. Nikabadilisha namba ya rauta yenyewe ikawa 192.168.1.2, yani nimeiingiza ukoo mmoja na ya juu lakini isiwe na namba sawa na ya juu. Ikajiwasha upya. Nikaingia tena kwa namba mpya, ndo nikazima DHCP, nikahifadhi. Ukizima DHCP kwanza laptopu yako inakosa wa kuipa namba, utajikuta unaandika namba kwa mkono ndo uweze kuingia, inawezekana ila inachosha. Na ukisahau kubadili namba ya rauta, siku ukitaka kuingia setingi zake kupitia mtandao wa nyumba hutaiona, iko ukoo mwingine.

Kisha nikaenda rauta ya juu, nikaiwekea mpaka wa ugawaji, igawe kuanzia 192.168.1.100 mpaka 192.168.1.199. Nafasi 100 kwa vifaa 12 ni nyingi mno, na chini ya 100 pakabaki pa vitu vya kudumu. Printa nikaipa 192.168.1.50 isiyobadilika. Ndo nikarudisha waya, kwenye LAN.

Jina la waifai tulibishana kidogo. Mimi nilitaka jina moja na paswedi moja juu na chini ili mtu akishuka ngazi simu ihame yenyewe. Kijana akasema simu ya mama ni ya zamani, ikishang'ang'ania rauta haiachii mpaka mawimbi yaishe kabisa. Nikafanya nilivyotaka mimi. Alikuwa sahihi, nitafika huko.

Kitu cha mwisho, nikachukua plasta nyeupe na kalamu ya wino mzito nikaandika juu ya rauta ya chini: NAMBA 192.168.1.2, DHCP IMEZIMWA, WAYA UKAE LAN, USIBONYEZE RISETI.

Ikawaje

Kabla ya kuondoka nilizima meini swichi mara mbili, wapangaji walikereka ila ilibidi. Mara zote mbili simu za chini zilikaa dakika mbili hivi bila kitu zikisubiri rauta ya juu iamke, halafu zote zikapata, namba zote 192.168.1. Hizo dakika mbili nikawaeleza kabisa kwamba zitakuwepo, maana mtu asipoambiwa ataanza zima washa yake. Umeme wa kweli ulikatika wiki iliyofuata na hakuna aliyenipigia.

Spidi ya jioni haikubadilika. Kuanzia saa mbili usiku bado ni ya kusuasua, na hiyo ni foleni ya watu kwenye mnara, rauta ya ndani haina la kufanya. Mama alitegemea na hiyo ingepona, kosa langu sikumwambia mapema.

Miezi miwili baadae mpangaji mmoja alisahau paswedi akabonyeza kile kitundu cha riseti kwa pini. Rauta ya chini ikarudi kama ilivyotoka dukani, 192.168.0.1 na ugawaji umewaka. Usiku ule ule nusu ya nyumba haina intaneti. Kijana akasoma plasta, akanipigia, nikamwelekeza kwa simu, kwa dakika kumi akawa amemaliza.

Uchambuzi

Ukiangalia vizuri hakuna mtu aliyefanya ujinga hapa. Fundi wa kwanza aliunganisha njia ambayo inafanya kazi, tatizo hakuuliza printa inatumiwa na nani na akiwa wapi. Swali moja tu lile lingembadilishia kazi nzima. Kijana alifuata ushauri sahihi nusu, na nusu ya ushauri kwenye mitandao ni mbaya kuliko kutokuwa nao, kwa sababu siku ile ya kwanza ilifanya kazi na kikifanya kazi hakuna anayerudi kuangalia. Ingegoma pale pale angetafuta zaidi akaikuta habari ya DHCP.

Kosa langu mimi nalilaumu zaidi kwa sababu mimi nalipwa. Nilipima kwa simu yangu. Simu yangu ilikuwa mgeni, ikaomba namba wakati rauta zote mbili ziko macho, ikabahatika kujibiwa na ya juu. Nikaona safi. Ningechukua simu ya bibi iliyokuwa inalalamikiwa ningeiona dakika ya kwanza. Na nilikuja na jibu kichwani tayari, kuta, kwa sababu mji huu kila nyumba ya zamani niliyoingia tatizo ni kuta. Chaneli nilizobadilisha hazikuwa na madhara, ni kweli zilikuwa zinagongana, ila zilikuwa kikohozi cha pembeni.

Kilichofanya kazi ni karatasi. Namba tisa zilizoandikwa pamoja zilisema kitu ambacho simu moja moja isingesema. Familia ilikuwa inahesabu wangapi hawana, leo wanne kesho sita, hesabu haileti maana. Nilipoacha kuhesabu wangapi nikauliza ni nani na amepewa namba gani, ikafunguka. Na hizi namba za 192.168 msishangae zinajirudia kila nyumba, zilitengwa rasmi kwa matumizi ya ndani tangu 1996 pamoja na zile zinazoanza na 10 na baadhi ya zinazoanza na 172, kwa hiyo watengenezaji wote wanachota humo humo. Hapa tulibahatika rauta mbili kuwa na koo tofauti, ilionekana kwa macho. Zingekuwa zote 192.168.1.1, ambayo ni kawaida sana, karatasi yangu ingeonyesha namba za ukoo mmoja zote na ningehangaika zaidi. Pale ingebidi uzime rauta ya juu kabisa, uchukue simu usahaulishe mtandao halafu uiunganishe tena, ukiona bado inapewa namba basi ujue kuna mgawaji wa pili amejificha.

Kuzima meini swichi nako kulisaidia kwa namna ambayo sikutegemea. Mama aliona kwa macho rauta ya chini inawaka kabla ya juu, akaelewa mwenyewe kwa nini umeme ulikuwa unahusika, na ile soketi ya friji akairudisha kwenye friji. Pia akawaomba radhi wapangaji kuhusu ile habari ya paswedi, hiyo haikuwa kwenye makubaliano ya kazi yangu ila nilifurahi.

Jina moja la waifai nilikosea kwa nyumba ile. Simu ya mama ikitoka juu kushuka dukani inabaki imeng'ang'ania rauta ya juu kwa mstari mmoja, haifungui kitu, wakati rauta ya chini iko pembeni yake. Ziara ya tatu nilienda bure kutenganisha majina, moja JUU moja CHINI, kijana akaniangalia tu hakusema kitu.

Plasta ilifanya kazi, ingawa ni kweli mpangaji alibonyeza riseti na maandishi yako hapo hapo juu. Alisema alidhani ni yangu ya kumbukumbu.

Na liko moja ambalo njia tuliyochagua imelileta. Mtandao ukiwa mmoja maana yake wapangaji na kompyuta ya steshenari wako chumba kimoja, na kompyuta ile ina vitambulisho na vyeti vya watu waliokuja kutoa kopi. Nilimwambia mama dawa ni kuwawekea wapangaji waifai ya wageni ambayo haioni vya ndani, ila rauta ya chini ni ya zamani haina hiyo kitu, na ya juu inayo ila mawimbi yake hayafiki vyumbani kwao. Kwa sasa tumefunga mafaili yote yaliyokuwa yanashirikishwa kwenye mtandao na kuweka paswedi kwenye kompyuta. Rauta nyingine ya chini atanunua kodi ya muhula ujao ikiingia.